Moja, mbili, nne, saba: halafu ngapi?

Toleo lililopita niliwaachia swali hili. Una ukanda wa visanduku kumi vilivyopangwa mstari mmoja, na kila kisanduku unakijaza 0 au 1. Sharti ni moja tu: hakuna 1 inayokaa peke yake, yaani kila 1 lazima ipakane na 1 nyingine kushoto au kulia kwake. Ukanda huo unaweza kujazwa kwa njia ngapi?

Barua zimekuja na majibu ya kila rangi, lakini manne yamejirudia: 46, 143, 200 na 274. Jibu ni 200. Kilichonifurahisha ni kwamba hata waliokosa walianza na namba zilezile nne, na namba hizo zilikuwa sahihi. Kwa hiyo leo maswali ya misimbo ya siri na ya miraba ya ajabu yatasubiri. Safu yote ni ya visanduku.

Shikamoo Mwalimu. Nilihesabu kwa mkono nikapata: kisanduku 1 njia 1, viwili njia 2, vitatu njia 4, vinne njia 7. Nikaingiza 1, 2, 4, 7 kwenye OEIS, nikaona mfuatano unaoongezeka kwa 1, kisha 2, kisha 3. Nikaendelea nao nikafika 46. Rafiki yangu alifanya hivyohivyo akapata 143. Nani kati yetu amedanganywa?

Marahaba. Hakuna aliyewadanganya, mliuliza swali fupi mno.

Kwa wasioijua, OEIS ni hazina ya mifuatano ya namba kamili iliyoko mtandaoni. Neil Sloane aliianza mwaka 1964 akiwa mwanafunzi wa shahada ya juu Cornell, akiandika mifuatano kwenye kadi. Mwaka 1973 ilichapwa kitabu chenye mifuatano 2,372. Mwaka 1996 ikaingia kwenye intaneti, na sasa imepita mifuatano 350,000. Unaandika namba ulizonazo, inakuonyesha kila mfuatano wenye namba hizo kwa mpangilio huo. Haijui unahesabu nini. Wewe ndiye unayejua.

Sasa tazama 1, 2, 4, 7 zinavyoweza kuendelea. Wa kwanza anasema 11, naye ni mfuatano wa vipande vingi kabisa unavyoweza kupata ukilikata duara kwa mistari iliyonyooka. Wa pili anasema 13, kwa kuwa kila namba ni jumla ya tatu zilizotangulia. Huo unahesabu kanda ambazo 1 tatu hazifuatani, na ndiko ilikotoka 274. Wa tatu anasema 12, ila huyo wa 12 ana pacha: mmoja baada ya 12 anakwenda 20, ambao ni mfuatano wa Fibonacci (kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia) uliopunguzwa moja, na mwingine anakwenda 21. Rafiki yako alimfuata wa 20, akaishia 143.

Dawa ni kukaa chini na kuhesabu ya tano kwa mkono, bila haraka. Visanduku vitano:

00000
11000, 01100, 00110, 00011
11100, 01110, 00111
11110, 01111
11111

Hizo ni 11, na ukiishia hapo utaona mambo yamekaa sawa kabisa na mfuatano wako. Lakini kuna 11011. Makundi mawili ya 1, kila moja limejitosheleza, yametenganishwa na 0 moja. Hiyo ndiyo ya kumi na mbili.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wameliruka. Fomula yako ya 11 haikuwa takataka. Inahesabu sawasawa kanda zenye kundi moja la 1 au zisizo na kundi lolote: unachagua mwanzo na mwisho wa kundi, halafu unaongeza ule ukanda wa 0 tupu. Hadi visanduku vinne, makundi mawili hayana mahali pa kukaa, kwa hiyo fomula na ukweli vinatembea pamoja. Kwenye cha tano nafasi inapatikana, ndipo vinapoachana. Visanduku sita vina makundi mawili kwa njia tano: 110110, 110011, 011011, 110111 na 111011. Ukiongeza kwenye 16 za kundi moja na lile tupu, unapata 21. Pacha wa 20 naye ametoka mchezoni.

Mimi binafsi siingizi kitu OEIS kabla ya kuwa na namba sita, na nikiwa na nane naingiza sita, mbili za mwisho nazificha ili nione kama mfuatano niliopewa utazitaja wenyewe.

Mwalimu, umefikaje 200 bila kuorodhesha? Kanda za visanduku kumi ni 1,024. Nilifika 300 hivi nikachoka.

Pole. Orodha ni ya kuanzia tu. Baada ya hapo unajenga ukanda kisanduku kimoja kimoja, na kila mara unajiuliza: ili nijue kinachoruhusiwa mbele, ninahitaji kukumbuka nini kuhusu nilichokwishaandika?

Kwa swali letu, kumbukumbu ni kitu kidogo sana. Ukanda unaweza kuwa katika hali tatu. Hali ya kwanza, umeishia 0 na kila kitu kiko salama. Ya pili, umeishia 1 iliyo peke yake, inayosubiri mwenzake. Ya tatu, umeishia 1 ambayo tayari ina mwenzake. Ziite S, N na M: salama, inangoja, imepata mwenza.

Ukiongeza 0, unaweza kutoka S au M, lakini si N, maana utakuwa umeifungia nje ile 1 inayongoja. Kwa hiyo S mpya ni S + M. Ukiongeza 1 kwenye S unapata N mpya. Ukiongeza 1 kwenye N au M unapata M mpya. Basi, hakuna kingine. Unaanza na ukanda mtupu, S = 1 na nyingine sifuri, kisha unatembea:

1: S 1, N 1, M 0
2: S 1, N 1, M 1
3: S 2, N 1, M 2
4: S 4, N 2, M 3
5: S 7, N 4, M 5
6: S 12, N 7, M 9

Jibu la kila mstari ni S + M, kwa sababu ukanda ulioishia N haujakamilika. Yanatoka 1, 2, 4, 7, 12, 21, na ukiendelea: 37, 65, 114, 200. Kazi yote ni kujumlisha, na inaenea nyuma ya bahasha.

Mbinu hii huitwa matriksi ya uhamisho; matriksi ni jedwali la namba tu. Wanafizikia Kramers na Wannier waliitumia mwaka 1941 kuchunguza sumaku, ambako kila chembe inaangalia jirani zake tu. Swali la chembe na swali la visanduku, kwa upande wa hesabu, ni swali lilelile.

Mimi ni mwalimu mwenzako. Niliwapa wanafunzi gridi yenye upana wa visanduku vitatu, wajaze 0 na 1 bila 1 mbili kupakana kwa pembeni wala kwa juu na chini. Kupakana kwa pembe nimeruhusu. Mstari mmoja wakapata 5, miwili 17. Kwa mistari mitatu darasa limegawanyika: 61 na 63. Na ya minne hawaipati.

Waliosema 63 ndio sahihi. Mpe kila mwanafunzi jedwali badala ya gridi, ubishi utaisha.

Mstari halali wenye visanduku vitatu ni mmoja kati ya hii mitano: 000, 100, 010, 001, 101. Ili kujua mstari unaofuata, unahitaji kujua mstari wa mwisho tu. Ya juu yake haikuhusu tena. Na kwa kuwa 100 na 001 ni sura moja iliyogeuzwa kwenye kioo, idadi zao zinalingana daima, hivyo unabeba namba nne tu.

Baada ya mstari wa kwanza kila sura ina njia 1. Kisha: 000 inaweza kukaa chini ya chochote, kwa hiyo idadi yake mpya ni jumla yote ya mstari uliopita. 100 inakaa chini ya 000, 010 na 001. 010 inakaa chini ya 000, 100, 001 na 101. 101 inakaa chini ya 000 na 010 tu.

Mstari wa pili: 000 ina 5, 100 na 001 zina 3 kila moja, 010 ina 4, 101 ina 2. Jumla 17, inalingana na yao. Wa tatu: 17, 12 na 12, 13, 9. Jumla 63. Wa nne: 63, 42 na 42, 50, 30. Jumla 227. Gridi za mistari minne bila sharti lolote zingekuwa 4,096, na wewe umefika bila kuchora hata moja.

Kuna kipimo kizuri cha kuwapa wanafunzi wanaomaliza mapema. Sharti lako linatendea mistari na safu wima sawasawa, hivyo gridi ya upana 3 na mistari 4 lazima iwe na idadi sawa na ya upana 4 na mistari 3. Wajenge jedwali la upana 4, lenye sura nane: 8, 41, halafu 227. Isipotoka 227, kuna mtu kajumlisha vibaya, na hawahitaji kukuita ili wajue.

Nimeona kwenye OEIS mifuatano mingi ya gridi za namna hii, na fomula zake zimeandikwa zikiwa na onyo kwamba zimepatikana kwa kutazama namba, si kwa uthibitisho. Kwa gridi ya upana 3 mimi mwenyewe nimeona kwamba kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia, jumlisha mara sita ya ile ya kabla yake, toa ile ya nne kurudi nyuma. Naweza kuiamini, au ni yaleyale ya 1, 2, 4, 7?

Hili ndilo swali bora la mwezi huu, na jibu lake litawashangaza waliozoea kuambiwa kwamba mifano haithibitishi kitu. Hapa inathibitisha, ili mradi una jedwali mkononi.

Kwanza tukague. 2 × 63 + 6 × 17 ni 228; tukirudi nyuma hatua nne tunaangukia gridi isiyo na mstari wowote, ambayo ina njia moja: 228 − 1 = 227. Inayofuata: 2 × 227 + 6 × 63 − 5 = 827. Sawa.

Sasa sababu. Mfuatano wowote unaotoka kwenye jedwali la hali nne lazima utii kanuni fulani inayotumia namba zisizozidi nne zilizotangulia. Hilo linatokana na tokeo la Cayley na Hamilton la karne ya 19, kwamba matriksi hutii mlinganyo wake yenyewe. Tusiijue kanuni hiyo ni ipi. Tujue tu kwamba ipo. Tuiite kanuni ya siri.

Chukua kanuni uliyoikisia wewe. Kwa kila namba, toa iliyotabiriwa kutoka kwenye iliyohesabiwa kwa jedwali. Unapata mfuatano mpya, wa tofauti. Tofauti hizo zimeundwa kwa kuzidisha na kujumlisha namba za mfuatano uleule, kwa hiyo nazo zinaitii kanuni ya siri. Basi ikiwa tofauti nne mfululizo ni sifuri, ya tano, inayotengenezwa kutokana na hizo nne, itakuwa sifuri. Ya sita pia. Na zote zinazofuata, bila mwisho.

Kwa hiyo endelea na jedwali hadi mstari wa nane: 5, 17, 63, 227, 827, 2,999, 10,897, 39,561. Kagua nne za mwisho kwa kanuni yako, kila moja ukitumia zilizo mbele yake kwenye orodha hii. Zote zinakubali. Umemaliza; huo ni uthibitisho kamili, na unaweza kuuandika bila kuona haya.

Tofauti yako na mtu wa 1, 2, 4, 7 ni hiyo hapo. Yeye alikuwa na namba tupu. Wewe una namba na idadi ya hali, na idadi ya hali ndiyo inayokuambia ukague mpaka wapi. Ukiona fomula yenye onyo, tafuta jedwali lake, hesabu hali zake, kisha kagua namba za kutosha. Nyingi zitasimama. Ila sharti likiwa gumu na gridi pana, hali hufika maelfu, na mtu aliyekagua namba ishirini bado hajathibitisha lolote.

Mwalimu, kwa sharti hilohilo la 1 kutopakana, fomula ya gridi ya mraba, n kwa n, ni ipi? Nimeitafuta kila mahali.

Haijulikani. Namba zenyewe tunazo: 2, 7, 63, 1,234, 55,447, 5,598,861, na zinaendelea. Hakuna fomula fupi inayojulikana ya kuzitoa.

Sababu unaweza kuihisi kwenye jedwali. Upana ukikaa palepale, jedwali ni lilelile, unazungusha tu. Kwenye mraba, kila ukipanda hatua moja upana nao unabadilika, na unahitaji jedwali jipya lenye hali 2, 3, 5, 8, 13, 21 na kuendelea. Ndiyo, Fibonacci, kwa kuwa mstari mmoja usio na 1 mbili zinazofuatana huhesabika hivyo. Upana wa 20 una hali 17,711. Upana wa 30 una 2,178,309. Kompyuta inahema.

Kinachojulikana ni kasi ya ukuaji. Gridi ikiwa kubwa sana, kila kisanduku kipya huzidisha idadi kwa takriban 1.50304808. Kwenye ukanda wa mstari mmoja kiasi hicho ni 1.618, ile namba maarufu ya dhahabu. Jirani wa juu na wa chini ndio wanaokushusha hadi 1.503. Desimali zake zimehesabiwa nyingi, ila hakuna aliyeiandika kwa vipeo na mizizi kama ile ya dhahabu. Cha ajabu ni kwamba ukibadilisha visanduku vya mraba kuwa vya pembe sita, kama sega la nyuki, swali linafunguka: Rodney Baxter alilitatua mwaka 1980. Kwa nini pembe sita zikubali na nne zikatae ni jambo ambalo bado linanikera.

Je, kama sharti ni la toleo lililopita, hakuna 1 ya peke yake, lakini kwenye gridi? Mstari mmoja hautoshi kukumbukwa, au vipi?

Mstari mmoja unatosha, ila uweke alama. 1 isiyo na jirani pembeni wala juu bado ina tumaini moja, chini. Iwekee nukta: inangoja. Mstari unaofuata lazima uilete 1 chini ya kila nukta. Kwa upana 2 hali ni sita: 00, 11, 10 inayongoja, 10 iliyotulia, na hizo mbili za mwisho zikigeuzwa. Unapata 2, 10, 36, 126. Ile 36 niliikagua pia kwa njia nyingine, nikihesabu gridi isiyo na 1, kisha zenye 1 mbili, tatu, nne na kuendelea: 1 + 7 + 10 + 11 + 6 + 1. Imekubali.

Rangi tatu badala ya 0 na 1, upana vitatu, rangi moja isipakane na yenyewe. Mwanangu anasema hali ni 12. Nyingi.

Mwambie ni mbili. Mstari una rangi mbili (kama ABA) au tatu (kama ABC), kila aina kwa njia 6, na majina ya rangi hayana umuhimu. Chini ya ABA zinakaa 3 za aina yake na 2 za ile nyingine; chini ya ABC, 2 na 2. Yatoka 12, 54, 246. Kwa rangi tatu kwenye uwanja mpana, kasi ya ukuaji inajulikana hasa: ni 4/3 kwa kipeo cha 3/2, takriban 1.5396. Elliott Lieb aliipata mwaka 1967 akitafuta jambo la barafu.

Swali la toleo lijalo: sharti la hakuna 1 ya peke yake, upana vitatu, mistari mitano. Nitumieni jedwali lote pamoja na jibu. Barua yenye namba moja tu sitaifungua.